Kompyuta ya kwanza ya gemu, ndogo na ya bajeti: nilichonunua, kilichonifurahisha na kilichoniuma

Nimemuundia mdogo wangu kompyuta yake ya kwanza ya gemu, na kwa kuwa maswali ya "ninunue nini" hayaishi, naona niandike tathmini ya mashine nzima kifaa kwa kifaa, maana sharti lake lilikuwa isijae meza na sharti langu mimi ninayelipa lilikuwa isimalize mfuko, na hayo masharti mawili jamani hayapikiki chungu kimoja. Mtu anaona kitu kidogo anadhani kitakuwa cha bei ndogo. Kwenye kompyuta ni kinyume, kila lita unayopunguza kwenye kasha kuna mahali unailipia, kama si kwenye mazabodi (bao kuu linalounganisha vifaa vyote) basi kwenye pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme), na kama si hapo basi kwenye joto na kelele.

Kilichomo ni hiki: kasha la Cooler Master NR200, mazabodi ya mini-ITX (umbo dogo) yenye chipu ya B550 ya AMD, prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 6600 ya GB 8, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR4 GB 16, vijiti viwili vya GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili na gemu) ya NVMe ya TB 1 na pawa saplai ya SFX (umbo dogo) ya wati 550. Alama yangu kwa mzigo mzima ni 8 kwa 10, moja nimeikata kwenye mazabodi na moja kwenye kelele ya kipoza kilichokuja na prosesa, nitafika huko.

Naanza na kasha kwa sababu kwenye mashine ndogo kasha ndilo linaloamua kila kitu kingine, watu wengi wananunua kadi kwanza halafu wanahangaika kutafuta pa kuiweka. NR200 ilitoka 2020 na ina lita 18 na ushee, siyo ndogo kuliko zote, zipo za lita 10 na chini ya hapo, ila kwa mtu wa mara ya kwanza mimi naona huu ndio udogo wenye akili. Inameza kadi hadi urefu wa mm 330 na kipoza cha prosesa hadi kimo cha mm 155 ukitumia ule ubavu wa matundu, maana yake hulazimiki kununua vile vipoza vifupi vya bei mbaya, kipoza cha kawaida tu cha mnara chenye feni ya mm 120 kinaingia. Kuta zake zinabanduka kwa kuvuta tu bila bisibisi, pande zote mbili na juu, na hilo ukiwa umefunga mashine ukakuta umesahau kuchomeka waya mmoja ndipo utalipenda. Ubaya wake ni kwamba mbele ina USB za kawaida mbili tu, hakuna USB-C, na haitaki pawa saplai ya ATX ile kubwa, inataka SFX basi.

Kuna wanaosifia Silverstone SG13, nami naiheshimu, ina lita 11 na nusu hivi na inapokea pawa saplai ya ATX ya kawaida ambayo ni nafuu, ila ile pawa saplai inakaa juu kabisa ya prosesa kwa hiyo kipoza chako hakiruhusiwi kuzidi mm 61, na hewa ya pale ndani si ya kujivunia. Ukiwa na prosesa ya wati 65 na kadi ya kiasi itakwenda. Halafu kuna yale makasha membamba ambayo kadi inakaa mgongoni mwa mazabodi kwa kutumia waya bapa wa PCIe (njia ya data kati ya kadi na mazabodi), yanapendeza kweli kweli, lakini ule waya kama ni wa kizazi cha 3 na mazabodi yako ni ya kizazi cha 4 unaweza kuwasha ukakuta skrini nyeusi mpaka uingie BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya mazabodi) uishushe iwe kizazi cha 3 kwa mkono, na mtu wa mara ya kwanza hapo ndipo analia. Sio ya kuanzia.

Na ukweli ambao wapenzi wa vidogo hawapendi kuusema: kama unachotaka ni fremu (picha kwa sekunde) nyingi kwa kila senti, micro-ATX, umbo la mazabodi linalofuata kwa ukubwa, inakushinda nguvu ya kubishana. Mazabodi ya mini-ITX ni mm 170 kwa 170, ya micro-ATX ni 244 kwa 244, tofauti ya sentimita saba tu kila upande lakini ile ndogo inauzwa juu, ina sloti mbili za RAM badala ya nne, na sloti moja tu ya PCIe ambayo inaliwa na kadi. Kasha kama Q300L la Cooler Master linabeba micro-ATX pamoja na pawa saplai ya kawaida, ila ukilipima kwa nje linafika lita 33 hivi, karibu mara mbili ya NR200. Kwa hiyo jiulize kwanza, ni kweli meza ni ndogo au ni tamaa ya picha? Kwetu meza ilikuwa ndogo kweli, vinginevyo nisingekubali.

Kuhusu mazabodi sina mengi mazuri ya kusema. Nilitaka ya B550 kwa sababu inatoa PCIe 4.0 kwenye kadi na SSD, na nikataka yenye Wi-Fi yake ndani kwa sababu sloti ikishachukuliwa na kadi huna pa kuchomeka kadi ya Wi-Fi baadaye. Hayo yote nimepata. Kilichoniuma ni kwamba B550 zilianza kuuzwa katikati ya 2020 kabla prosesa za Ryzen za 5000 hazijatoka, na hii niliyouziwa ilikuwa imekaa stoo na BIOS ya zamani, prosesa iko mahali pake, feni zinazunguka, skrini kimya. Muuzaji (simtaji) alishupaa kwamba prosesa ndiyo mbovu. Bahati nzuri ilikuwa na kile kitufe cha nyuma cha kupachika BIOS mpya kwa flashi bila hata prosesa kuwepo, nikaweka faili, nikabonyeza, taa ikapepesa weee mpaka ikazima, nikawasha ikaja. Kwa hiyo ushauri wa bure, ukinunua mazabodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD kama hii yangu) hakikisha ina kitufe hicho, na ukiikosa mwambie muuzaji akupachikie BIOS mpya kabla hujatoa hela.

Sasa kadi, hapa ndipo pesa iende na hapa ndipo nimekaa sana. Nikigawa bajeti mafungu kumi basi matatu hadi manne yanaenda kwenye kadi, mtu akikwambia uanze na prosesa kubwa halafu kadi "utaongeza baadaye" mwambie ahsante upite. RX 6600 ilitoka Oktoba 2021 kwa hiyo sio mpya, lakini kwa mashine ndogo ya bajeti ina sifa tatu zinazokaa pamoja kwa nadra: inakula wati 132 tu, inataka plagi moja ya pini 8, na zipo matoleo mafupi, Sapphire Pulse kwa mfano ni mm 193, kwenye NR200 inakaa hadi unaona nafasi imebaki ya bure. Kwa 1080p inafanya kazi yake, gemu za mashindano kama Counter-Strike 2 zinapita fremu 100 bila kuhangaika, zile nzito unaweka setingi za kati au za juu kidogo na zinatulia juu ya 60. Usiinunulie monita ya 4K, utaionea bure.

Mitego sasa. Wa kwanza ni RX 6400 na RX 6500 XT, majina yanafanana na 6600 na watu wanadhani ni ndugu wa karibu. Zile za kawaida zina GB 4 tu, na mbaya zaidi zinatumia njia nne tu za PCIe, ukiziweka kwenye mazabodi au prosesa ya PCIe 3.0 njia zenyewe zinapungua kasi kwa nusu na gemu zinaanza kugandaganda pale kumbukumbu inapojaa. Juu ya hayo hazina ule mtambo wa kurekodi video ndani yake, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu laivu ameachwa njiani. Naielewa 6400 kwa mtu mmoja tu, yule mwenye kompyuta ya ofisi ya mtumba, ile nyembamba, ambayo pawa saplai yake haina plagi ya kadi na hata ukitaka kuibadilisha haibadilishiki kwa kuwa kampuni imetumia umbo lake yenyewe. Kwake huyo kuna kadi fupi za kimo kidogo zinazokula umeme wa sloti pekee, ambao mwisho wake ni wati 75, na hapo ningemsogeza kwenye RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70. Ila angalia, RTX 3050 ziko za GB 8 na za GB 6, jina lile lile, na tofauti siyo kumbukumbu tu, ya GB 6 imepunguzwa na viini vya ndani pia. Soma boksi.

Mtego wa pili ni kadi za zamani zenye nguvu. GTX 1080 Ti bado ni mnyama, RX 5700 XT nayo, na bei ya mtumba inavutia. Tatizo zote mbili hazina vifaa vya ray tracing (kukokotoa mwanga na vivuli vya gemu kama vya kweli), na zamani tungesema nani anajali, mtu anaizima tu, lakini siku hizi kuna gemu zinazokataa kabisa bila hiyo. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 ni mojawapo, Doom: The Dark Ages ya 2025 nyingine, na kwa zote mbili RX 6600 ndiyo iliyoandikwa kama kiwango cha chini upande wa AMD. Yaani kadi yetu iko mlangoni kabisa, imeingia kwa kuinama, lakini imeingia. Hizo nyingine zimebaki nje na misuli yao.

Ukiwa na hela kidogo juu, RTX 4060 ni mbadala mzuri kwa kasha dogo, wati 115 tu na ina DLSS (mbinu ya Nvidia ya kuongeza fremu), ila GB ni 8 zile zile. RTX 3060 ya GB 12 inakupa kumbukumbu lakini inakula wati 170. Arc B580 ya Intel ina GB 12 na kwenye makaratasi inaonekana kama zawadi, nami nilikaribia kuichukua, kilichonizuia ni kwamba inataka Resizable BAR (setingi ya BIOS inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) iwe imewashwa, na ukiiunganisha na prosesa ya kiwango cha 5600 kuna gemu inashuka kwa sababu draiva yake (programu inayoiendesha kadi) inaielemea prosesa. Kwa mwenye prosesa mpya zaidi ningesema chukua.

Prosesa naipita haraka. Ryzen 5 5600, viini 6, nyuzi 12, wati 65, inatosha na kubaki kwa kadi hii. Usichanganye na 5500 wala 5600G, hizo zina akiba ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16 badala ya 32 na zimebaki PCIe 3.0, na kwa kuwa RX 6600 inatumia njia nane tu sikutaka kuzibana zaidi. Core i5-12400F ya Intel iko pale pale kiwango, ukiipata kwa bei nzuri na mazabodi yake ikiwa ndogo ya DDR4 wala usijishauri. Prosesa hizi mbili, 5600 na 12400F, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe bila kadi, kadi ikifa skrini inakufa nayo.

Wapo watakaouliza kwa nini siyo AM5, soketi mpya zaidi ya AMD. Swali zuri, Ryzen 5 7600 ni kasi zaidi na AMD wamesema AM5 wataiendeleza hadi 2027 na kuendelea, wakati AM4 imeshafika mwisho wa safari. Lakini AM5 inataka DDR5, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa vibaya kwa sababu viwanda vinawahudumia watu wa mashine za akili bandia kwanza. DDR4 nayo imepanda, tusidanganyane, ila DDR4 ya mtumba imejaa kwa watu waliohama na RAM ni kifaa kimoja ambacho mtumba wake hauniogopeshi, unaipima usiku kucha na programu ya kupima kumbukumbu, ikipita imepita. Nimechukua DDR4-3200 ya CL16, fupi bila mapambo ya taa, kwa sababu kipoza kikubwa kikija baadaye kitainamia pale pale juu ya RAM. Na iwe vijiti viwili jamani, kijiti kimoja cha GB 16 kinakunyima chaneli ya pili (njia ya pili ya data ya RAM), halafu kwa kuwa mini-ITX ina sloti mbili tu, ukishaweka viwili vya GB 8 siku ukitaka 32 unavitoa vyote. Mwenye uwezo aanze na 32 akapumzike.

Wale wanaotaka iwe ndogo kuliko hii, bila kadi kabisa, waangalie Ryzen 5 8600G. Picha zake za ndani ni Radeon 760M, zinacheza 1080p ya setingi za chini kwa gemu nyingi, lakini zinakula RAM ya mashine, kwa hiyo hapo RAM ya DDR5 yenye kasi na vijiti viwili siyo anasa, ndiyo kadi yenyewe. Kwa bei za RAM za sasa mimi sioni hesabu inavyokubali, ila kama meza yako ni ya kipimo cha kitabu, haya.

SSD ni ya kawaida tu ya PCIe 3.0. Tofauti ya 3500 na 7000 MB kwa sekunde huioni kwenye gemu, unachotaka ni seli za TLC (biti tatu kwa seli) badala ya QLC (biti nne) kama bei inakaribiana, kwa sababu QLC ikijaa jaa na ukashusha gemu la GB 100 inapunguza mwendo hadi unachoka. TB 1 ndiyo kianzio, nusu yake inajaa na gemu nne tano.

Pawa saplai sasa, na hapa sitanii. Kwa mahitaji haya wati 450 zingetosha, nimechukua 550 kwa ajili ya kadi ya kesho. SFX ni mm 125 kwa 100 kwa 63.5, ile ya ATX ya kawaida ni 150 kwa 140 kwa 86, unaona mwenyewe kwa nini kasha dogo linaipenda na kwa nini mfuko hauipendi. Ndipo kishawishi cha kununua ile isiyo na jina kinapokuja. Usithubutu. Na ile stika ya 80 Plus inakwambia umeme kiasi gani haupotei kama joto, haikwambii kama ina ulinzi wa kweli ndani, Bronze ya kampuni inayojulikana ni bora kuliko Gold ya kubuni. Jambo lingine ambalo limechoma SSD za watu wengi: waya zinazochomoka za pawa saplai moja usizihamishie kwenye nyingine hata kama plagi inaingia, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, volti 12 zinaingia pasipo zao.

Kuunganisha ndani ya NR200 kunafurahisha mpaka ufike kwenye waya. Waya wa pini 8 wa prosesa unakwenda kule kona ya juu, na ukishafunga kipoza vidole haviingii tena, uchomeke mapema. Wa pini 24 kwa SFX ni mfupi, kwangu ulikuwa umenyooka kama uzi wa pima maji kutoka kwenye pawa saplai hadi kwenye mazabodi. Ila mkorofi zaidi ni ule wa USB ya mbele wenye pini 19, kichwa kinene, waya mgumu haupindi, na upande wa mazabodi pini zenyewe ni nyembamba zimesimama ndani ya kijisanduku cha plastiki, ukisukuma umeinama upande pini zinalala na huna tena USB ya mbele. Nilimulika na simu, nikalinganisha kile kidomo cha plastiki na mwanya wake, ndipo nikasukuma kwa kidole gumba taratibu. SSD ya pili kwenye mazabodi nyingi za aina hii inakaa mgongoni, kwa hiyo kama una mbili zifunge kabla mazabodi haijaingia.

Joto limenishangaza kwa uzuri, kadi inabaki chini ya nyuzi 70 kwenye gemu nzito kwa kuwa nimeweka feni mbili za mm 120 sakafuni zinazopuliza moja kwa moja kwenye kadi. Vumbi nalo litaingia kwa njia hiyo hiyo, chujio la chini lisafishwe.

Ukishawasha, ingia BIOS uwashe XMP (setingi ya kasi ya RAM iliyowekwa na mtengenezaji), bila hivyo RAM ya 3200 inakimbia 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia. Washa Resizable BAR pia. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi, na kama monita ni ya Hz 144 nenda kwenye setingi za Windows uichague, maana inaanza na 60 na kuna watu wamekaa nayo hivyo miaka. Na iwe Windows 11, ya 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025, na Valorant kwenye 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka), vyote vipo kwenye BIOS hii, ni kuviwasha tu.

Kilichobaki ni kile kipoza cha boksi, Wraith Stealth. Kupoza kinapoza, ila gemu likikolea kinalia kiasi kwamba mtu wa chumba cha pili anajua unacheza. Nimemwekea kwenye orodha Thermalright Assassin X 120 SE, kimo chake mm 148, kasha linaruhusu 155, kitaingia na milimita saba zitabaki.